MTOTO HUANZA KUPIMA NYUMBANI
Somo kwa vikundi vya kujisomea vya vyama vya msingi



Kanuni ya tano ya ushirika, kama ilivyothibitishwa katika mkutano wa wanaushirika wa dunia uliofanyika Manchester mwaka 1995, inavitaka vyama vyote vitoe elimu, mafunzo na habari kwa wanachama wao. Aghalabu tunapoisoma kanuni hiyo tunamfikiria mtu mzima: mjumbe wa bodi anayehudhuria semina, mtunza ghala anayefundishwa kujaza leja, au mwanachama anayeelezwa masharti ya chama. Somo hili linaanza mapema zaidi. Linamhusu mtoto ambaye bado hajavaa sare ya shule, aliye mgongoni mwa mama yake au anayechezea mchanga karibu na ghala siku ya kupima mazao.

Madhumuni ya somo ni matatu. Kwanza, kueleza kwa nini michezo ya mtoto mdogo ni jambo la kuzungumzwa katika chama. Pili, kuonyesha michezo ambayo mzazi yeyote aweza kuifanya nyumbani bila gharama. Tatu, kupendekeza kazi ndogo ambayo chama chaweza kuifanya kwa uwezo wake chenyewe.

1. Kwa nini jambo hili lihusu chama

Mkaguzi anapofungua vitabu vya chama huona upande mmoja tu wa hesabu. Huweza kulinganisha stakabadhi na leja, leja na ghala, ghala na malipo. Vitabu vyaweza kulingana hadi senti ya mwisho, na bado mkulima akawa amepunjwa penye mizani, kwa sababu kilo ambayo haikuandikwa haionekani katika daftari lolote. Mlinzi wa kilo hiyo ni mwanachama mwenyewe.

Tuseme sindano ya mizani, kabla ya kuwekewa kitu, imesimama kilo 2 nyuma ya sifuri. Mwanachama akipima mara 20 katika msimu mmoja, atakuwa amepoteza kilo 40. Angeliitazama sindano kabla ya kupandisha gunia lake la kwanza, angeliokoa zote. Hali kadhalika gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa nyongeza juu, huuzwa kwa bei ya gunia moja kana kwamba nyongeza ile si mali. Sheria ya Vipimo ipo, na Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kuipiga mhuri, lakini mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila mizani kila siku.

Katika kazi yangu nimewaona wanachama wengi wakipokea stakabadhi na kuikunja bila kuisoma. Baadhi yao walisoma shule na herufi wanazijua. Walilolikosa ni mazoea ya kutazama, kukadiria, kulinganisha na kuuliza. Mazoea hayo huanza kujengwa miaka mingi kabla ya mtu kukabidhiwa kitabu cha uanachama. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

2. Mtoto hujifunzaje

Ubongo wa mwanadamu hukua upesi mno katika miaka ya mwanzo. Mtoto anapofika miaka mitano, ukubwa wa ubongo wake huwa umekaribia ule wa mtu mzima. Katika miaka hiyo kila sauti anayoisikia, kila kitu anachokishika na kila jibu analopewa humsaidia kuunda njia za kufikiri. Kwa hiyo mtoto anayecheza hapotezi wakati. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu chake cha 31, unautaja mchezo kuwa ni haki yake.

Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, aliyeishi kati ya mwaka 1896 na 1980, alifanya jaribio ambalo kila mwanachama aweza kulirudia nyumbani. Chukua vyombo viwili vinavyofanana, uvitie maji sawasawa mbele ya mtoto wa miaka minne, naye akubali kwamba ni sawa. Kisha, naye akitazama, mimina maji ya chombo kimoja katika chupa nyembamba ndefu. Muulize wapi kuna maji mengi. Watoto wengi wa umri huo watasema ni katika chupa, kwa kuwa maji yamepanda juu. Mtoto anayekaribia miaka saba au nane atajibu kwamba ni yale yale, kwa sababu hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa.

Hapa pana fundisho kubwa. Jicho hudanganywa na umbo, na akili hujifunza polepole kulisahihisha jicho. Mtoto hafikii hapo kwa kukaripiwa. Hufika kwa kumimina, kujaza, kumwaga na kurudia mara nyingi kwa mikono yake mwenyewe. Anayemnyang'anya mtoto kopo na mchanga kwa kuwa anajichafua, humnyang'anya pia somo lake la kwanza la vipimo.

3. Ushahidi kutoka Jamaika

Mwanaushirika hutaka kuona hesabu kabla ya kukubali. Hesabu mojawapo inatoka mbali, katika mji wa Kingston nchini Jamaika, lakini hali ya watu wake haikuwa tofauti sana na ya wengi wetu. Katika miaka ya 1986 na 1987 walichaguliwa watoto 129 wa familia maskini, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, waliokuwa wamedumaa. Kwa muda wa miaka miwili, baadhi yao walitembelewa kila juma na mhudumu wa afya wa jamii kwa muda wa saa moja. Mhudumu alimwonyesha mama namna ya kuzungumza na kucheza na mwanawe. Vichezeo vilitengenezwa kwa vitu vya kawaida vilivyopatikana nyumbani.

Miaka 20 baadaye watafiti waliwatafuta tena, wakiwa sasa watu wazima wenye kazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba wale waliochezeshwa walikuwa na kipato kilichozidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao wa hali ile ile ambao hawakupata ziara za michezo. Walikuwa wamewafikia wale ambao hawakudumaa tangu utotoni.

Ndugu Mwanachama, ni mazao machache yaletayo faida ya namna hiyo kwa mtaji wa saa moja kwa juma na makopo matupu.

4. Michezo kwa kufuata umri

Umri uliotajwa hapa ni wa kukadiria. Watoto hawalingani, wala haifai kuwashindanisha.

(a) Tangu kuzaliwa hadi mwaka mmoja

Kichezeo cha kwanza cha mtoto ni uso na sauti ya mzazi wake. Umwogeshapo au umbebapo, mtajie unachokifanya: maji, mkono, mguu, jua. Akitoa sauti, mjibu, kisha unyamaze kidogo umngojee. Kwa njia hiyo hujifunza kwamba mazungumzo ni kupeana zamu. Zungumza kwa lugha ya nyumbani, iwe Kiswahili, Kisukuma, Kichaga au Kimakonde. Lugha mzazi anayoimiliki vizuri ndiyo yenye maneno mengi ya kumpa mtoto.

Jifunike uso kwa kanga, kisha ujifunue. Mtoto atacheka, na wakati huo huo anajifunza kwamba kitu kisichoonekana hakikutoweka. Mpe pia kibuyu kidogo kikavu chenye mbegu zake ndani, ambacho hakijatobolewa, akitikise na kusikiliza.

(b) Mwaka mmoja hadi mitatu

Mpe bakuli na magunzi ya mahindi, ayatie na kuyatoa. Mpe sufuria tatu za ukubwa mbalimbali na vifuniko vyake, atafute kila kifuniko ni cha sufuria ipi. Usimwonyeshe haraka. Akikosea, kifuniko chenyewe kitamwambia. Wakati huo mtajie maneno: kubwa, ndogo, ndani, nje, juu, chini, nzito, nyepesi.

Mfanyie mpira wa matambara, mwukalishe baina yenu. Mtume kwa maneno mafupi: "Lete kikombe." Akizoea, mpe maagizo mawili kwa pamoja: "Chukua kikombe, umpelekee babu." Anayekumbuka maagizo mawili leo atakumbuka matatu kesho.

(c) Miaka mitatu hadi mitano

Huu ndio umri wa kupambanua. Mpe majani ya miti mbalimbali, au vizibo vya chupa vya rangi mbalimbali, avipange mafungu. Usimwambie apange kwa namna gani. Muulize, "Kwa nini hiki umekiweka hapa?" Jibu lake ndilo lenye thamani, hata likiwa tofauti na ulilolitazamia.

Katika kuhesabu, tuwe waangalifu. Mtoto wengi humsifu kwa kutamka moja hadi kumi kama wimbo, lakini kutamka siyo kuhesabu. Panga mawe matano, umwambie aguse kila jiwe mara moja na kulitajia namba moja. Mwanzoni kidole kitaruka jiwe au kuligusa mara mbili. Akimaliza, muulize, "Yote ni mangapi?" Watoto wengi wa miaka mitatu huanza kuhesabu upya, kwa maana bado hawajaelewa kwamba namba ya mwisho ndiyo jumla. Siku mtoto atakapojibu "Matano" bila kuanza tena, ameelewa jambo ambalo leja zote za chama zimesimama juu yake.

Kazi za nyumbani nazo ni darasa. Agawe vikombe, kila mtu kimoja. Avipungukiwa, muulize, "Tuongeze vingapi?" Ajaze ndoo ndogo kwa kopo na kukisia kwanza: makopo manne au sita? Kisha ahakikishe. Kukisia kabla ya kupima ni kinga ya mtu maisha yake yote, kwa kuwa asiyekisia hawezi kushtuka kipimo kinapokuwa cha uongo.

Jioni, wakati chakula kinaiva, tegeaneni vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango," naye afikiri mpaka alipate yai. Msimulie hadithi, uikatize katikati na kumwuliza, "Unadhani sungura alifanyaje?" Kisha kesho yake, mwache yeye awe msimulizi.

(d) Miaka mitano hadi minane

Sasa mtoto aweza kutengeneza mizani. Tafuteni ufito ulionyooka wenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Ufungeni kamba katikati na kuuning'iniza tawini. Kwenye kila ncha ning'inizeni kifuu cha nazi au kopo, viwili vyenye ukubwa sawa. Kabla ya kuweka chochote, ufito hauna budi kulala sawasawa. Ukiinama, sogezeni kamba ya katikati mpaka utulie. Mtoto aliyefanya hivyo ameshajua maana ya sifuri ya mizani.

Halafu wekeni jiwe upande mmoja na mahindi upande wa pili hadi ufito ulale. Kisha badilisheni: jiwe liende kwenye mahindi na mahindi yaende kwenye jiwe. Mizani ya haki itabaki imelala. Ikiinama, mkono mmoja wa ufito ni mrefu kuliko mwingine. Jaribio hili ni la kale na halihitaji kisomo, na mtoto wa miaka saba hulifurahia kama kiinimacho.

Mkiwa na pakiti ya chumvi ya nusu kilo, pimeni nayo mchanga katika mfuko mpaka ulingane nayo. Hapo mnalo jiwe lenu la nyumbani. Mfundisheni pia vipimo vya wazee: vibaba viwili ni kisaga, na vibaba vinne ni pishi. Methali ya haba na haba hujaza kibaba ina maana zaidi kwa mtoto aliyekijaza kibaba mwenyewe.

Mchezo wa duka unafaa sana. Majani yawe noti, vizibo viwe sarafu, na mwuzaji aandike stakabadhi kwa mkaa juu ya kipande cha boksi. Asiyejua kuandika achore alama. Mnunuzi asiondoke kabla ya kuisoma na kuilinganisha na vitu alivyopokea. Siku moja mpunje kwa makusudi kitu kimoja, uone kama atagundua. Akigundua, msifu mbele ya watu.

Katika namba, Kiswahili kinatusaidia. Tusemapo kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, neno lenyewe linaeleza hesabu. Panga fungu la vijiti kumi, ufunge kwa kamba, kisha weka kimoja kando, na mtoto ataona kwa macho kile alichokitamka.

Tusiisahau michezo ya asili. Mdako hufundisha kuhesabu na wepesi wa mkono. Kombolela hufundisha kungoja zamu na kutii masharti yaliyokubaliwa na wote. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, katika safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kwa mtoto anzeni na safu mbili zilizochimbwa ardhini na kete chache. Anayecheza bao hulazimika kuhesabu mbele kabla ya kunyanyua kete. Wazee wanaocheza chini ya mwembe wanaweza kuwa walimu wazuri, wakikubali kumpisha mjukuu mara moja moja.

5. Tahadhari

Mtoto aliye chini ya miaka mitatu hutia kila kitu kinywani. Maharage, mahindi, sarafu na kokoto humkaba koo au kumwingia puani, kwa hiyo vichezeo vyake viwe vikubwa kuliko kinywa chake. Betri ndogo za mviringo za saa na za mizani za kidijitali ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu zikimezwa huunguza koo kwa muda mfupi. Akimeza, apelekwe hospitali mara moja.

Chupa na makopo ya dawa za pamba, kahawa au korosho yasifanywe vichezeo kamwe, hata yakioshwa mara kumi. Mifuko ya salfa isitandikwe watoto wakaikalia. Na mchezo wa maji uwe mbele ya macho ya mtu mzima, kwa kuwa mtoto mdogo aweza kuzama hata katika ndoo.

Tena mchezo haushiki nafasi ya chakula, chanjo wala kliniki. Mtoto mwenye njaa hachezi.

6. Mwenendo wa mzazi

Robo saa kila siku inatosha kuanzia. Mfuate mtoto katika alichokipenda, na akichoka mwache. Asifiwe kwa juhudi, asichekwe kwa kosa. Kipigo na kejeli humfundisha kunyamaza, na mtu aliyefundishwa kunyamaza utotoni ndiye yule anayenyamaza katika mkutano mkuu hali ameona hesabu haikubaliani.

Kazi hii isiachiwe akina mama peke yao. Mama anayetoka shamba, kisimani na jikoni amekwisha kubeba sehemu yake na zaidi. Baba aweza kucheza duka na mwanawe akiwa anatengeneza jembe. Wasichana na wavulana wapewe mizani ile ile na bao lile lile. Chama kinachotaka wanawake wawe wajumbe wa bodi hakina budi kuwaona binti zake wakihesabu kete leo.

7. Kazi ya chama

Vikundi vya kujisomea si jambo geni kwetu. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu vijijini walikusanyika kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kutenda. Njia hiyo bado ni nzuri. Inapendekezwa yafuatayo:

(i) Katibu asome somo hili katika kikao, sehemu moja kwa kikao kimoja, na mjadala uandikwe katika muhtasari.

(ii) Siku za kupima mazao patengwe kivuli na mkeka wa watoto, mbali na magari, mizani na dawa. Wanachama wapokezane zamu ya kuwaangalia. Vifaa viwe magunzi, makopo safi, vifuu na matambara.

(iii) Mwanachama mmoja fundi aombwe kutengeneza mizani ya ufito na ubao wa bao.

(iv) Chama kionane na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Desemba 2021 Serikali ya Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa hiyo jambo hili si geni kwa maofisa hao.

(v) Fedha za chama zisitumike kwa kazi hii bila idhini ya mkutano mkuu. Karibu yote yaliyotajwa hapa hayahitaji fedha.

8. Maswali ya kujadili

1. Katika chama chetu, ni wanachama wangapi wanaotazama sifuri ya mizani kabla ya kupima? Wasiotazama wanazuiwa na nini?

2. Rudieni jaribio la maji kwa watoto watatu wa umri mbalimbali. Kila mmoja alijibuje, na alitoa sababu gani?

3. Ni michezo ipi ya utotoni mwetu iliyofundisha kuhesabu au kupima? Ipi imepotea, na nani katika kijiji bado anaikumbuka?

4. Watoto hukaa wapi siku ya kupima mazao? Mahali hapo pana hatari gani?

5. Akina baba wa kikundi hiki wako tayari kufanya nini nyumbani juma hili?

Kazi ya nyumbani: kila mshiriki atengeneze kichezeo kimoja kwa vitu visivyonunuliwa, acheze nacho na mtoto kwa siku saba, kisha akilete kikaoni na kueleza mtoto alifanya nini nacho. Anayekuja na mizani ya ufito aijaribu mbele ya wenzake kwa kubadilisha pande, kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 4.